Kabeji hainenepi njiani, inayonenepa ni bei

Ukifika soko la Kongowea alfajiri utakuta malori yanashusha kabeji, karoti na viazi kutoka bara. Mboga hizi hazipendi joto letu. Zinastawi kwenye baridi ya nyanda za juu, na upande wa Mlima Kenya, yaani Nyeri, Karatina, Kieni na Meru, ni miongoni mwa mashina yake. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni kilomita 150 hivi, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu 485. Kwa hivyo kabeji ya Nyeri husafiri zaidi ya kilomita 600 kabla haijaingia sufuriani kwako.

Bei zikipanda, hasa Ramadhani ikikaribia, lawama zote twaitupia hiyo safari ndefu: lori, mafuta, lami. Mimi nina shangazi aliyeolewa Nyeri, mtaa wa Majengo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimtembelea na kuliangalia jambo hili kwa upande wa pili, upande wa anayelima. Nilichokiona huko ni kwamba kilomita ghali kuliko zote si zile 600 za lami. Ni ile moja au mbili za mwanzo, kutoka shambani hadi barabarani au sokoni.

Nilisomea diploma ya mambo ya uchukuzi, kwa hivyo niruhusuni nipige hesabu kidogo. Tuseme lori linakodishwa shilingi 60,000 kubeba tani 10 kutoka Karatina hadi Mombasa. Hiyo ni shilingi 6 kwa kila kilo. Zigawe kwa kilomita 600, utapata senti 1 kwa kilo kwa kilomita. Sasa tuseme bodaboda anatoza shilingi 100 kubeba gunia la kilo 50 kwa kilomita 2. Hiyo ni shilingi 2 kwa kilo, sawa na shilingi 1 kwa kilo kwa kilomita. Kilomita ya bodaboda imekuwa ghali mara 100 kuliko kilomita ya lori. Badilisha tarakimu utakavyo, tofauti itabaki kubwa, kwa sababu lori lina magunia 200 ya kugawana gharama na pikipiki ina moja au mawili.

Na hiyo ni barabara inayopitika. Nyeri ni nchi ya migongo na mabonde. Mara nyingi barabara inapita juu ya mgongo, nyumba ziko kando yake, na shamba linateremka mpaka mtoni. Mboga inayolimwa karibu na maji iko chini, na soko liko juu. Tangu zamani kina mama wa huko wamepanda na mizigo hiyo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso.

Asiye na gurudumu hana bei

Shida ya kilomita hiyo haiishii kwenye nauli. Sukumawiki ikishachumwa haingoji. Jua likiipata saa chache inanyauka, na iliyonyauka hainunuliki. Dalali anajua hilo. Anakuja na gari lake mpaka kando ya shamba, anataja bei, na mkulima asiye na njia ya kufika sokoni hana jibu lingine ila ndiyo.

Mkasa huu una historia. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili serikali ya kikoloni iliweka Karatina kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya majeshi. Wakulima wa Nyeri wakalima kwa wingi, wakazoea mnunuzi mmoja. Vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa, na watu wakabaki na mboga shambani. Karatina leo ni mji wa soko mkubwa, lakini somo halijabadilika: anayemtegemea mnunuzi mmoja amemkabidhi pia bei yake.

Shangazi yangu ni mjane. Analima robo eka ya kukodi nje ya mji, karibu kilomita 2 kutoka sokoni: sukumawiki, spinachi, na terere, ambayo ndiyo mchicha wetu. Kwa wiki anapata magunia manne hivi. Akimpa bodaboda, shilingi 400 zimekwenda. Asipompa, dalali anamngoja. Miaka mitatu iliyopita mjukuu wake alimtengenezea tela la baiskeli kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Gharama yote, pamoja na magurudumu mawili ya zamani, ilikuwa shilingi 4,500. Kwa nauli aliyoacha kulipa, tela lilijilipa kwa miezi mitatu. Lakini faida anayoitaja yeye kwanza ni nyingine.

"Mwanangu," aliniambia, "zamani dalali akinitajia bei nilikuwa namjibu ndiyo kabla hajamaliza. Siku hizi namwambia ngoja kwanza nipige hesabu."

Tela linavyofanya kazi

Baiskeli ya kawaida, hii tunayoiita blekimamba, huchukua gunia moja kwenye keria. Likizidi hapo baiskeli inayumba, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na fremu inalia. Tela hubadilisha jambo moja tu: uzito unahama kutoka kwenye baiskeli na kukaa juu ya magurudumu yake lenyewe. Mwendeshaji habebi tena, anavuta. Kwenye njia tambarare na ngumu kuvuta kilo 100 ni kazi ya wastani, maana magurudumu yenye upepo wa kutosha hayana ubishi mwingi.

Anayetaka kutengeneza azingatie mambo manne. La kwanza ni mahali pa kuunganishia. Pawe chini, karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma, wala si kwenye kiti. Kiungo cha juu huiyumbisha baiskeli kila tela linapotikisika. Kiungo chenyewe kiwe kinageuka pande zote, ili tela likipinduka lisimwangushe mwendeshaji. Wengine hutumia kipande kinene cha mpira wa tairi.

La pili ni magurudumu. Ekseli ya baiskeli imeundwa kushikwa pande zote mbili. Ukiishika upande mmoja tu, itapinda siku ya mzigo mzito. Kwa hivyo kila gurudumu la tela liwe na chuma cha kulishika ndani na nje.

La tatu ni mizani ya mzigo. Sehemu ndogo ya uzito, kama kilo 5 hadi 10 katika kila 100, ielemee mbele kwenye kiungo. Ukipakia nyuma sana, tela litainua gurudumu la nyuma la baiskeli, na hapo huna nguvu ya kuvuta wala breki. Hamali wetu wa Mombasa anaijua hesabu hii bila kufundishwa: angalia anavyopanga magunia kwenye mkokoteni mpaka mpini unakaa mkononi bila kumbonyeza wala kumwinua.

La nne ni breki, na hapa ndipo Nyeri inapokuwa mwalimu mkali. Kwenye mteremko mzigo ndio unaokusukuma wewe. Breki za blekimamba hubana rimu, na rimu ikilowa mvua hazishiki vizuri. Mjukuu wa shangazi hateremki akiwa amepanda. Anashuka, anatembea, na tela lina ubao wenye kipande cha tairi anaoukandamiza kwenye gurudumu. Kupanda nako kuna mpaka wake. Njia ikiinuka mita 5 kwa kila mita 100, mwenye mzigo wa kilo 100 atakwenda polepole kuliko anayetembea, basi bora ashuke asukume. Na kutoka mtoni mpaka mgongoni mwa mlima, mboga bado hupanda na mtu. Tela linaanzia pale njia inaponyooka.

Ndiyo maana ukienda Kieni, uwanda ulio upande mkavu wa mlima kuelekea Naro Moru, utaona gurudumu lina kazi nyepesi zaidi kuliko kwenye migongo ya Nyeri mjini. Wenzetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, walilijibu swali hili kwa namna yao: wana chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, ambacho hushuka na viazi, kabeji na makaa kutoka vijiji vya milimani. Kilistahiwa hata kikajengewa sanamu mjini mwaka 2009. Huko mzigo unateremka kwenda sokoni, nao mteremko unamfanyia mtu kazi.

Bustani ya mlangoni

Njia nyingine ya kupunguza gharama ya safari ni kuifuta safari yenyewe. Mwaka 2020, wakati wa Korona, Wizara ya Kilimo ya Kenya ilianzisha mpango wa bustani milioni 1 za nyumbani. Kwa shangazi jambo hilo halikuwa geni. Mbali na shamba lake, pale uani Majengo ana magunia sita yanayosimama ukutani, na mboga ya nyumbani hainunui.

Gunia hutengenezwa hivi. Chukua gunia la kilo 90, lisiwe lililobeba dawa au mbolea ya viwandani. Changanya udongo mafungu mawili na samadi iliyooza fungu moja. Chukua mkebe mkubwa usio na kitako, usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani yake na udongo pembeni. Vuta mkebe juu, jaza tena, mpaka ufike mdomoni. Utakuwa na nguzo ya mawe katikati, nayo ndiyo bomba la kupeleka maji mpaka chini. Bila nguzo hiyo maji huishia juu na miche ya chini hukauka. Kisha toboa matundu pembeni kwa kupishana, yaachane kama shibiri moja. Gunia moja huchukua miche 30 hivi ya sukumawiki, mingine ukiipanda juu. Mchicha utauchuma baada ya wiki tatu au nne, sukumawiki baada ya miezi miwili hivi, na ukichuma majani ya chini tu itaendelea kukupa kwa miezi mingi. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha sehemu kubwa ya umwagiliaji.

Sisi huku Pwani

Sasa tulete hesabu nyumbani. Nyeri wana ardhi bora ya kabeji na njia mbaya ya gurudumu. Sisi ni kinyume chake. Ukanda wetu, kutoka Kwale mpaka Kilifi na Malindi, sehemu kubwa yake ni tambarare. Kijana wa Kilifi mwenye blekimamba na tela atavuta kilo 100 za mihogo au madafu bila kuuonja mlima anaoupanda mjukuu wa shangazi. Adui wetu ni mchanga, na dawa yake ni tairi nene na upepo wa kadiri.

Kabeji na karoti tuwaachie Nyeri, zitaendelea kupanda lori. Lakini kuna mboga ambazo hazina sababu ya kusafiri hata hatua mia. Mchicha, kunde, matembele, bamia, biringani, mnavu na pilipili vinapenda joto. Kotmiri na sukumawiki vitakubali ukivipa kivuli cha mchana, hata cha chandarua kikuukuu. Tungule inataka uangalifu zaidi, kwa sababu usiku wa joto kali huangusha maua. Jihadhari na maji ya kisima cha chumvi: yatakuharibia udongo wa gunia kabla ya msimu kwisha. Kinga maji ya mvua ya masika, au tumia ya bomba kidogo kidogo. Na kwa kuwa jua letu hukausha gunia upesi, liweke upande unaopata jua la asubuhi, likingwe na la alasiri.

Familia inayonunua mboga ya shilingi 50 kila siku inatumia shilingi 1,500 kwa mwezi. Magunia manne uani hayatafuta deni hilo lote, lakini yakikata nusu tu, kwa mwaka ni shilingi 9,000. Kwa nyumba inayoishi kwa kibarua hiyo ni sare ya shule, au daftari za watoto, au futari isiyo na mkopo dukani.

Basi kabla hatujalilalamikia lori la kutoka Mlima Kenya, kila mmoja atazame orodha yake ya mboga za wiki na akate zile zinazoweza kuota mlangoni kwake. Zilizobaki ndizo tuzilipie safari. Na kwenye vijiji vyetu vinavyolima, vikundi vya kina mama na vijana vikichanga kwa ajili ya mradi, tela moja la kutumiwa kwa zamu lafaa litajwe mapema kikaoni.