Injini ya Asili Husomwa kwenye Fremu

Mkusanyaji akipata mashine kongwe ya kukata nyasi, kwanza hutafuta namba ya injini. Namba hiyo inaeleza injini iliyopo sasa. Iliyotoka nayo kiwandani huenda ilikuwa nyingine kabisa. Injini ikifa katikati ya msimu wa nyasi, mwenye bustani hufunga yoyote inayoingia. Ndiyo maana ushahidi ninaouamini zaidi umo kwenye fremu.

Ing'oe injini, usafishe bamba ilipokaa. Tundu la kiwandani kwa kawaida lina rangi ya asili hadi ukingoni. Lililotobolewa baadaye limekwaruza rangi na kuacha chuma wazi. Ukikuta matundu ya zamani yasiyo na kazi, furahi: hiyo ni alama ya miguu ya injini iliyoondoka. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi la pili, na kwa mashine za Uingereza au Marekani pima kwa inchi. Kisha tazama kisu. Upande wenye makali ndio unaotangulia, basi unakuonyesha mhimili wa injini ulizunguka kuelekea wapi.

Mashine za mwanzo za chapa ya Victa ni mfano mzuri. Mwaka 1952, huko Concord, Sydney, Mervyn Victor Richardson aliunda ya kwanza kwa vyuma chakavu, akatumia kopo la pichi kuwa tangi la mafuta. Injini ilikuwa Villiers ya mipigo miwili, ambayo mhimili wake hulala. Richardson aliilaza injini ubavu, mhimili ukaelekea chini, kisu kikafungwa humo. Aliweza kwa sababu injini ya namna hiyo hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Haina dimbwi la oili la kuhama ikilazwa. Wazo hilo bado linanistaajabisha. Kwa hiyo vishikizo vinavyobana injini kwa ubavu, au maandishi ya kuchanganya oili juu ya tangi, vinaashiria mipigo miwili hata kama leo pamefungwa injini ya mipigo minne. Baadaye Victa ilianza kuunda injini zake yenyewe, hivyo si kila Victa ya kale ilibeba Villiers.

Ukishaisikiliza fremu, rudi kwenye namba. Kwenye injini nyingi za Briggs & Stratton, namba ya tarehe inayoanza na 680512 ina maana ya tarehe 12 Mei 1968. Injini iliyoitangulia mashine kwa miezi michache haina tatizo, maana viwanda vya mashine vilinunua injini na kuziweka stoo. Iliyozaliwa miaka kadhaa baada ya mashine ni mgeni. Angalia pia namba imegongwa wapi: mara nyingi ipo kwenye kifuniko cha bati cha feni, na kifuniko hicho hufunguka kwa bolti chache na kuhamia injini nyingine.