Mbinu za njiani zikivuka bahari: zipi zifuatwe Toronto, zipi ziachwe

Gari likichemka Chalinze, dereva hulipumzisha, akaongeza maji kwenye rejeta, akafika Morogoro. Maji hayo hayo yakibaki ndani ya rejeta usiku wa Januari katika mtaa wa St. James Town, Toronto, yanaweza kupasua bloku ya injini kabla hakujapambazuka. Mbinu ni moja, na gari laweza kuwa Toyota ile ile. Kilichobadilika ni baridi.

Nawaandikia wenzetu wanaoendesha magari ughaibuni, hasa wa St. James Town, mtaa wa maghorofa marefu yaliyojengwa zaidi miaka ya 1960 kati ya barabara za Sherbourne na Parliament. Huko magari mengi hulala kwenye maegesho ya chini ya ardhi, mengine hulala nje kwenye theluji. Nitazipitia mbinu zetu za kutengeneza gari njiani, nieleze kila moja hufanya kazi kwa sababu gani. Dereva anayeijua sababu hujua pia mahali ambapo mbinu hiyo haitamsaidia.

Ujuzi huu si wa kuuonea haya. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Joginder Singh, aliyeshinda miaka ya 1965, 1974 na 1976, alijifunza ufundi katika gereji ya baba yake nchini Kenya, na kabla ya kuwa bingwa aliajiriwa na chama cha wenye magari kufanya doria na kuwasaidia madereva waliokwama. Katika tope na vumbi la Safari Rally, hafiki mbali asiyejua kufungua boneti. Mafundi wetu wa chini ya mwembe na wa gereji bubu ni wa ukoo huo.

Maji, kulanti na gari linalochemka

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Ndani ya bloku ya injini hakuna nafasi ya kutanukia, kwa hiyo kinachoachia ni chuma chenyewe. Dawa yake ni kulanti, yaani glikoli iliyochanganywa na maji. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huhimili baridi ya hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Wapo wanaodhani kwamba glikoli tupu inalinda zaidi. Sivyo: glikoli tupu huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, baridi ambayo Toronto inaijua vizuri. Ukilazimika kuongeza maji wakati wa joto ili ufike nyumbani, ongeza, lakini mchanganyiko upimwe na kurekebishwa kabla ya majira ya baridi. Kulanti iliyomwagika ifutwe mara moja, maana ni tamu na ni sumu, na watoto na wanyama huweza kuilamba.

Geji ya joto ikipanda, iko mbinu inayofaa Morogoro na Toronto sawasawa: zima kiyoyozi, fungua madirisha, washa hita kwa nguvu zote. Hita hupitisha maji ya moto ya injini kwenye rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, kwa hiyo inaisaidia rejeta kubwa kutoa joto. Utatoka jasho, lakini injini itapata nafuu mpaka upate mahali salama pa kusimama. Ukishasimama, usiguse mfuniko wa rejeta hadi injini ipoe. Mfuniko huo hushikilia mgandamizo, ndiyo maana maji ya ndani huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua, mgandamizo hushuka ghafla, maji yakachemka yote kwa pamoja na kukurukia usoni.

Mbinu ya kufunga soksi ndefu ya nailoni badala ya mkanda wa feni uliokatika ilikuwa ya kweli kwa magari ya zamani, ambayo mkanda mfupi ulizungusha feni, alteneta na pampu ya maji tu. Magari mengi ya leo yana mkanda mmoja mrefu na bapa unaozungukia vifaa vingi na kukazwa na springi. Soksi haishiki hapo. Mkanda huo ukikatika, zima injini na uite gari la kuvuta.

Betri asubuhi ya baridi

Nyumbani, betri ikifa, vijana husukuma, dereva anatia gia ya pili, anaachia klachi, gari linawaka. Magurudumu yamefanya kazi ya stata. Kanada magari mengi ni ya otomatiki: hakuna klachi ya kuachia, na mafuta ndani ya gia boksi husukumwa na pampu inayotegemea injini iwe inazunguka. Injini ikizima, magurudumu hayana njia ya kuifikia. Lisukumeni mtakavyo, halitawaka.

Baridi inaibana betri pande mbili. Kemikali zake hufanya kazi polepole, kiasi kwamba kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hubakiwa na nusu ya nguvu zake au pungufu. Wakati huo huo oili imekuwa nzito, na injini inadai umeme mwingi zaidi ili izunguke. Ndiyo maana betri iliyokuwa nzima Septemba inazimia asubuhi moja ya Januari.

Msaada ni waya wa kuazima umeme kwa jirani, na mpangilio wake una sababu. Funga mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Funga mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho uibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri hutoa hewa ya haidrojeni, na ncha ya mwisho ndiyo hutoa cheche. Cheche na haidrojeni zisikutane. Wakati wa kufungua, anza na ya mwisho urudi nyuma. Tena, betri iliyojaa haigandi kwa baridi ya Toronto, lakini iliyokwisha kabisa huganda upesi. Ukiona imevimba au imepasuka, usiipe umeme, kwani inaweza kulipuka.

Tope na theluji

Hapa wa nyumbani anafika na akiba. Aliyewahi kutoa gari kwenye tope la masika kwa matawi na magunia anajua kwamba tairi linataka kitu cha kung'ata. Kwenye theluji tia mchanga, au takataka ya paka ya udongo, au mazulia ya sakafu ya gari mbele ya magurudumu yanayovuta. Endesha taratibu kwa gia ndogo, mbele kidogo, nyuma kidogo. Usikanyage mafuta kwa hasira: tairi linalozunguka bure huyeyusha theluji, ikaganda tena kuwa barafu inayoteleza kuliko mwanzo. Chumvi usiitegemee kwenye baridi kali, kwa sababu kadiri nyuzi zinavyoshuka ndivyo inavyochelewa kuyeyusha, na kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri inakaribia kushindwa.

Kabla ya yote hayo, fukua ekzosi. Bomba likizibwa na theluji, moshi wenye kaboni monoksidi unaweza kuingia ndani ya gari. Hauna rangi wala harufu, na umeua watu waliokaa ndani wakipasha gari moto. Kwa sababu hiyo hiyo, usiache gari likinguruma kwenye maegesho ya chini ya jengo.

Kioo cha mbele kilichoshika barafu kisimwagiwe maji ya moto, kwa kuwa upande mmoja wa kioo hutanuka kabla ya mwingine na kikapasuka. Tumia kikwaruzo na subira.

Upepo wa tairi nao hufuata joto. Kila nyuzi 6 hivi zinaposhuka, tairi hupoteza karibu paundi moja. Gari lililolala maegesho ya chini kwenye nyuzi 12, likatoka nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, linaweza kupungukiwa paundi 5 kabla halijafika mbali. Taa ya tairi kwenye dashibodi ikiwaka, usidhani moja kwa moja ni pancha. Pima, jaza, kisha pima tena kesho yake. Ikipungua tena, ndipo umtafute fundi pancha. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 juu ya sifuri, na kwa hiyo tairi za baridi si anasa. Sheria ya Ontario haizilazimishi, ila tangu Januari 2016 kampuni za bima za jimbo hilo zinatakiwa kumpunguzia bei mwenye nazo. Idai haki hiyo.

Maji ya barabarani

Tarehe 16 Julai 2024 mvua kubwa ilipiga Toronto, karibu milimita 98 zikapimwa katika uwanja wa ndege wa Pearson. Mto Don ukafurika, na barabara ya Don Valley Parkway, inayopita bondeni mashariki mwa St. James Town, ikafunikwa na maji. Magari yalikwama na zimamoto wakawaokoa watu. Tukio kama hilo lilitokea tarehe 8 Julai 2013, treni ya abiria ilipozingirwa na maji katika bonde hilo hilo. Mkazi wa Dar es Salaam aliyeiona Jangwani ikifurika wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Injini hubana hewa ndani ya silinda. Maji hayabaniki. Yakiingia kupitia njia ya hewa, pistoni inakutana na kitu kisichosogea na fito zake zinapinda. Gari likizima ndani ya maji, usijaribu kuliwasha hata mara moja. Toka, panda mahali pa juu, gari livutwe. Fundi atafungua plagi na kutoa maji kwanza, na huenda injini ikapona.

Visivyochezewa

Tanki la petroli lililotoboka, dereva wetu huliziba kwa kipande cha sabuni. Inashika kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Lakini maji huiyeyusha, na majira ya baridi ya Toronto chini ya gari ni theluji iliyolowa na chumvi. Isitoshe, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: nje hutawanyika, ndani ya maegesho hutuama sakafuni, juu yake wakiwa wamelala mamia ya watu. Gari linalovuja petroli lisiingizwe chini ya jengo kabisa.

Breki zina hukumu moja kote duniani. Wapo wanaoongeza maji ya sabuni mafuta ya breki yanapokwisha. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205; maji huchemka kwenye 100, na mvuke wake hubonyea, pedali ikazama hadi sakafuni. Ukiwa unateremka mlima Kitonga, hapo hakuna pa kukimbilia. Wengine hubana kwa koleo mpira wa breki unaovuja na kuendelea na magurudumu matatu. Kwenye barafu, gari linalofunga breki upande mmoja hupinda na kuzunguka. Toronto ina hatari ya ziada: chumvi ya barabarani hula mabomba ya breki, na maegesho yenye joto huharakisha kutu, kwa sababu chuma chenye chumvi huoza haraka zaidi kikiwa na unyevu na joto. Osha gari chini yake wakati wa baridi, na mabomba hayo yakaguliwe kila mwaka.

Ukikwama kwenye barabara kuu, kazi yako si ufundi. Nyumbani tunakata matawi na kuyatandaza nyuma ya gari. Kwenye barabara ya magari ya kasi, kutembea tu ukiyatandaza kunaweza kukugharimu maisha. Toka kwenye njia ukiweza, washa taa za tahadhari, na mara nyingi ni salama zaidi kubaki ndani mkiwa mmefunga mikanda huku mkipiga simu. Sheria ya Ontario inawataka madereva wapunguze mwendo na kuhama njia wanapopita gari la dharura au la kuvuta lililosimama na taa zake zikimulika; faini huanzia dola 400. Tangu Januari 2024 kampuni za kuvuta magari zinatakiwa kuwa na cheti cha jimbo. Uliza cheti, uliza bei, soma fomu ya ridhaa kabla ya kutia sahihi.

Weka kwenye buti waya wa betri, koleo la theluji, mchanga, tochi, blanketi, geji ya upepo na chupa ya kulanti iliyokwisha changanywa. Mbinu ya njiani imeruhusiwa kwa jambo moja tu: kulifikisha gari kwa fundi. Likishafika, itoe mbinu hiyo siku hiyo hiyo, ufunge spea.