Taa ya Nyuma ya Bodaboda: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kuweka Balbu ya LED

Kila usiku malori yanayotoka Mombasa hupitia Mazeras na Mariakani, katika barabara ile ile inayotumiwa na bodaboda zinazorudisha abiria nyumbani. Kwa dereva wa lori, ishara ya kwanza kwamba mbele yake kuna pikipiki ni taa moja ndogo nyekundu. Taa hiyo ikiwa imeungua, imefifia au imefunikwa na gunia la makaa, dereva huiona pikipiki akiwa amechelewa kufunga breki.

Balbu za LED zinazouzwa katika maduka ya vipuri zinaweza kupunguza hatari hiyo. Hata hivyo, balbu isiyofaa, au iliyofungwa vibaya, inaweza kumwacha mhudumu na abiria wake katika hali mbaya zaidi kuliko awali.

Balbu moja, kazi mbili

Katika pikipiki nyingi za bodaboda, balbu moja ya nyuma hufanya kazi mbili. Ndani yake kuna nyuzi mbili. Uzi mdogo, mara nyingi wa wati 5, huwaka muda wote taa zinapowashwa. Uzi mkubwa, mara nyingi wa wati 21, huwaka mhudumu anapofunga breki. Ndiyo maana balbu hiyo huandikwa 12V 21/5W, na chini yake huwa na vituo viwili vya umeme.

Nyuzi hizo ni nyembamba na hukatika kwa mtikisiko, hasa kwenye barabara za vumbi na mashimo. Mara nyingi mhudumu hana habari, kwa kuwa taa iko nyuma yake. Uzi mmoja unaweza kukatika na mwingine ukaendelea kuwaka, hivyo pikipiki ikawa na taa ya usiku lakini haina taa ya breki.

Faida ya LED

LED haina uzi wa kukatika. Pia hutumia umeme kidogo: uzi wa breki wa wati 21 huvuta takriban ampea 1.75, ilhali balbu ya LED ya wati 3 huvuta takriban ampea 0.25 tu. Kwa pikipiki yenye betri ndogo, tofauti hiyo ni kubwa.

Faida nyingine ni kasi ya kuwaka. Uzi wa balbu ya kawaida huhitaji takriban sehemu mbili za kumi za sekunde ili upate moto na kung'aa vizuri. LED huwaka papo hapo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 4 katika muda huo mfupi. Mita 4 zinaweza kuamua kama gari litasimama nyuma ya pikipiki au litaigonga.

Rangi na umbo la balbu

Kioo cha taa ya nyuma ni chekundu, na hupitisha rangi nyekundu pekee. Mwanga mweupe wa LED nyingi una wekundu kidogo, kwa hiyo ukipita kwenye kioo hicho hufifia au huonekana wa waridi. Balbu ya LED nyekundu hutoa mwanga mkali zaidi.

Kuna jambo moja la kuangalia kwanza. Taa nyingi zina kidirisha kisicho na rangi upande wa chini, cha kumulika nambari ya usajili. Balbu nyekundu itaifanya nambari imulikwe kwa wekundu na isisomeke vizuri. Pikipiki ya aina hiyo inafaa balbu nyeupe inayoelekea manjano, au balbu nyekundu pamoja na taa ndogo nyeupe ya nambari iliyofungwa peke yake.

Mnunuzi aangalie pia mahali vitaa vidogo vilipo kwenye balbu. Balbu yenye vitaa kwenye ncha tu humulika nukta moja katikati na kuacha kioo kingine gizani. Yenye vitaa pande zote hujaza kioo chote, na gari linaloikaribia pikipiki kwa pembeni huiona pia. Taa za bluu, au zinazowakawaka muda wote, ziepukwe. Taa ya nyuma ni nyekundu, na rangi nyingine huwachanganya madereva.

Umeme unatoka wapi?

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Katika baadhi ya pikipiki ndogo, taa ya breki hupata umeme wa betri, lakini taa ya usiku hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini. Umeme wa koili hubadilika mwelekeo na hupanda na kushuka kulingana na mwendo wa injini. LED isiyotengenezwa kwa umeme huo humetameta au huungua mapema.

Kujua ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, fungua ufunguo, washa swichi ya taa, kisha finya breki. Ikiwa taa ya breki inawaka lakini ya usiku haiwaki hadi injini ingurume, taa ya usiku inategemea koili. Mwambie muuzaji unahitaji balbu inayokubali umeme wa aina zote mbili.

Pikipiki ya aina hiyo ina hatari nyingine: injini ikizimika barabarani usiku, taa ya nyuma huzimika pia. Kiakisi chekundu kilicho safi nyuma ya pikipiki hakihitaji umeme, na kisikosekane.

Kufunga na kujaribu

1. Zima injini na utoe ufunguo. Fungua skrubu za kioo kwa upole.
2. Sukuma balbu ya zamani ndani, izungushe kidogo, kisha itoe.
3. Kagua holda. Pwani, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, hewa ya chumvi huleta kutu haraka. Kwangua kutu kabla ya kuweka balbu mpya.
4. Vipini vya balbu havilingani urefu, hivyo huingia kwa njia moja tu. Usilazimishe.
5. Jaribu breki ya mkono, kisha ya mguu. Kila moja ina swichi yake, na taa iwake kabla breki haijaanza kukamata. Ikichelewa, fundi arekebishe swichi ya mguu.
6. Mwombe mwenzako asimame hatua 50 nyuma, mchana na usiku. Ni lazima atofautishe waziwazi taa ya usiku na taa ya breki.

Hatua ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Baadhi ya balbu za bei ya chini hung'aa karibu sawa katika kazi zote mbili, na dereva aliye nyuma hawezi kujua kwamba pikipiki inasimama. Balbu ya namna hiyo irudishwe dukani, na kwa sababu hiyo risiti itunzwe.

Anayetaka kubadilisha indiketa pia ajue kwamba huenda zikawakawaka haraka mno au zisiwake kabisa, hadi flasha nayo ibadilishwe.

Mzigo usifunike taa

Balbu bora haina kazi ikiwa nyuma ya makuti, magunia au madebe ya maji. Mzigo ufungwe juu ya usawa wa taa, na tope lipanguswe kabla ya jua kuzama. Abiria naye ana nafasi yake: kabla ya kupanda usiku, amwombe mhudumu afinye breki, kisha aangalie nyuma kama taa inawaka.