Damu ya Nyumbu na Habari za Sotoka

Ukisafiri kwa barabara kutoka Mwanza kwenda Musoma, utapita Ndabaka, karibu na Ghuba ya Speke. Hapo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inakaribia Ziwa Viktoria. Nje ya hifadhi wafugaji huchunga ng'ombe. Ndani yake huishi nyumbu na nyati. Zamani wanyama hao wote walishambuliwa na ugonjwa mmoja ulioitwa sotoka.

Sotoka ilisababishwa na virusi. Mnyama aliyeugua alishikwa na homa, alitokwa na machozi na kamasi, akapata vidonda mdomoni na kuharisha. Katika miaka ya 1890 ugonjwa huu uliua ng'ombe wengi sana Afrika Mashariki, na watu wakapatwa na njaa.

Baadaye wataalamu walijiuliza: Je, nyumbu ndio wanaowaambukiza ng'ombe, au ng'ombe ndio wanaowaambukiza nyumbu? Jibu lilipatikana katika damu.

Virusi vinapoingia mwilini, mwili hutengeneza kingamwili za kupambana navyo. Mnyama akipona, kingamwili za sotoka hubaki katika damu yake kwa miaka mingi. Kwa hiyo damu huonyesha kwamba mnyama aliwahi kuambukizwa, hata kama sasa ni mzima.

Damu hupimwa hivi. Mnyama hulazwa kwa dawa ya usingizi, kisha daktari wa wanyama huchota damu kidogo. Damu huachwa mpaka igande, na maji yake hutengwa. Maji hayo huchanganywa na virusi katika maabara. Virusi vikishindwa kudhuru chembe hai, basi kingamwili zimo. Umri wa mnyama hukadiriwa kwa kutazama meno yake. Ndama wachanga hawafai kwa kipimo hiki, kwa sababu hupata kingamwili katika maziwa ya mama zao.

Katika miaka ya 1950 na 1960 ng'ombe wa maeneo yanayozunguka Serengeti walichanjwa. Nyumbu hawakuchanjwa. Hata hivyo, nyumbu waliozaliwa baada ya mwaka 1963 walipopimwa, hawakuwa na kingamwili za sotoka. Maana yake, hawakuambukizwa kamwe. Ikajulikana kwamba virusi vilitoka kwa ng'ombe. Ng'ombe walipokingwa, nyumbu nao walipona. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Kufikia mwaka 1977 walizidi 1,000,000.

Lakini mwaka 1982 sotoka ilirudi na kuua nyati. Ng'ombe wakachanjwa tena, na damu ya wanyama wa porini ikaendelea kupimwa. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote.

Maswali
1. Kingamwili ni nini?
2. Kwa nini umri wa nyumbu ulihitaji kujulikana?
3. Ng'ombe aliyechanjwa pia huwa na kingamwili. Kwa nini basi damu ya nyumbu ilitoa habari bora kuliko damu ya ng'ombe?