Utani Una Mipaka: Wito kwa Mashabiki wa Nakuru

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Msemo huu watangazaji wa michezo huupenda sana, na aghalabu huuelekeza kwa wachezaji. Hata hivyo, katika mpira wa vikapu, kipenga cha mwisho kikishalia, wachezaji wengi hupeana mikono na kwenda zao. Anayebaki na kinyongo ni shabiki. Yeye hakukimbia wala hakutoka jasho, lakini ndiye wa mwisho kusamehe.

Tatizo hili ni kongwe kama mchezo wenyewe. James Naismith alipoubuni mpira wa vikapu mjini Springfield, Massachusetts, mnamo Desemba 1891, alipigilia vikapu vya matunda kwenye roshani ya ukumbi wa mazoezi. Punde si punde, watazamaji walioketi roshani wakaanza kuinama na kuusukuma mpira, ama uingie ama usiingie, kulingana na timu waliyoipenda. Ndipo ukuta wa waya, na baadaye ubao, ukawekwa nyuma ya kikapu. Ubao tunaouona leo katika kila uwanja wa shule ulizaliwa ili kuuzuia mkono wa shabiki.

Ulimi wa shabiki, hata hivyo, haujapata ubao. Katika kandanda, tusi hupotelea njiani kabla ya kumfikia mchezaji. Katika mpira wa vikapu, mtazamaji huketi hatua chache tu kutoka kwenye mstari. Mchezaji aliyechezewa rafu akisimama peke yake kurusha mpira, husikia kila neno. Wamarekani waliyaonja matokeo ya ukaribu huu tarehe 19 Novemba 2004, huko Auburn Hills, Michigan. Shabiki mmoja alimrushia Ron Artest wa Indiana Pacers kikombe cha kinywaji, Artest akapanda jukwaani, na vita vikazuka. Wachezaji tisa waliadhibiwa, na Artest akakosa mechi 86. Mechi zote hizo zilipotea kwa kikombe kimoja!

Sisi tunaofundisha isimu hupenda kutofautisha maneno ambayo watu huyachanganya. Kushangilia si kuzomea, kuzomea si kutania, na kutania si kutukana. Utani ni taasisi yenye kanuni katika jamii zetu. Mtani ana haki ya kujibu, na anayetaniwa hucheka pamoja na anayemtania. Ndiyo maana Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards huitwa ya mashemeji. Shemeji hutaniwa, lakini hapigwi mawe. Mnamo Machi 2012, katika uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, kadi nyekundu moja ilitosha kuufanya ushemeji huo usahaulike: viti viking'olewa na mawe yakirushwa.

Kwetu Nakuru jambo hili lina uzito zaidi. Huu ni mji wa makabila yote, na Bonde la Ufa linajua neno linaweza kufanya nini. Neno "madoadoa" lilikuwa neno la kawaida la mavazi na ngozi hadi wanasiasa wa miaka ya 1990 walipolitumia kuwaita majirani zetu uchafu wa kuondolewa. Mapema mwaka 2008, maelfu ya waliofukuzwa makwao walilala katika uwanja wa maonyesho ya kilimo papa hapa Nakuru. Mnamo 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiorodhesha neno hilo miongoni mwa maneno ya chuki. Kwa hiyo shabiki anayesoma jina mgongoni mwa kijana wa shule, kisha akamwambia arudi kwao, asidai kwamba anatania. Maneno hayo yana historia, na waliolala katika mahema hawajaisahau.

Huenda msomaji akasema kwamba ushabiki bila kelele ni matanga. Nakubali. Ngoma zipigwe, nyimbo ziimbwe, miguu ikanyage mbao za jukwaa, na anayejiandaa kurusha azomewe hadi mikono imtetemeke. Kipimo changu ni kimoja: je, neno lako linahusu alichokitenda mchezaji, au alivyozaliwa? Ukimwambia amekosa kikapu, kesho atafanya mazoezi arekebishe. Ukimtusi kwa kabila lake, atarekebisha nini? Vivyo hivyo kwa mwamuzi. Kusema hakuona rafu ni maoni. Kusema amehongwa ni kumshtaki jinai bila ushahidi.

Dawa haihitaji askari wengi. Kila kundi la mashabiki lina kiongozi wa nyimbo. Huyo ndiye awe wa kwanza kumnyamazisha mwenzake. Walimu wafundishe kushangilia kama wanavyofundisha kudunda mpira. Nahodha wa timu ya nyumbani naye ageuke awakabili watu wake, kwani neno lake jukwaani hupita la refa.

Uwezo tunao. Mnamo Juni 2018, uwanja wetu wa Afraha ulizikaribisha timu za Tanzania Bara na Zanzibar, na Gor Mahia wakaishinda Simba 2-0 katika fainali. Tarehe 20 Februari 2021, mjini Yaoundé, Tylor Ongwae alitia kikapu cha dakika ya mwisho, Kenya ikaipiku Angola 74-73. Kwa ushindi huo tukarudi katika mashindano ya Afrika ambayo tulikuwa hatujayacheza tangu 1993, tulipokuwa wenyeji jijini Nairobi. Siku hiyo Wakenya waliruka na kukumbatiana, na sikumsikia yeyote akiuliza Ongwae ni wa kwao wapi. Swali ambalo hatukuliuliza tuliposhinda, tusiliulize tunaposhindwa.