Mataji ya Rafu Yangu: Kikongwe, Chembamba na Kisichorudi

Kwa mauzo ya riwaya, Agatha Christie hana mpinzani: nakala za vitabu vyake zinakisiwa kufika bilioni 2. Huyo tumwache na hesabu zake. Mataji ninayogawa leo ni ya rafuni kwangu, kwa vitabu ambavyo ningemtilia mkononi binti yeyote aliyevunja ungo, na mama yake pia.

Taji la ukongwe halina ubishi. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858, beti 102, akiwa mgonjwa, ili bintiye Mwana Hashima asibaki bila wosia. Ubishi uko kwingine. Utendi unaomfunza mke kumtii mumewe unampa mwanamke nguvu gani? Swali la haki, na baadhi ya beti hata mimi hunikaba kooni. Lakini tazama unavyoanza: mama anamwita binti aje na wino na karatasi. Hakuitwa karani. Mmoja anasema, mwingine anaandika, na mbele ya safari wanawake wenzao wanahimizwa wausome. Leo jina lake tunalo. Waungwana wangapi wa Pate wa enzi yake unaweza kuwataja?

Daftari la ajabu kuliko yote lilikuwa la Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Basi akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 akatoroka, akaolewa na Mjerumani, akawa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zikachapwa Berlin mwaka 1886, kwa lugha aliyoijulia ukubwani. Msome kwa jicho kali anapoutetea utumwa. Binti wa sultani haachi usultani kwa kupanda meli. Hata hivyo, kwa ule mfupa tu, namsamehe kurasa nyingi.

Kwa wanawake wa Afrika, mbio za riwaya za Kiingereza ziliisha sare. Mwaka 1966 Flora Nwapa wa Nigeria alitoa *Efuru* huko London, na mwaka huohuo Grace Ogot, muuguzi kwa mafunzo, akatoa *The Promised Land* jijini Nairobi. Mimi ningeanza na Nwapa, Wakenya mnisamehe.

Mwanamke aliyeingia kitabuni bila kujua kusoma ni Siti binti Saad. Mwuza vyungu wa Fumba alikwenda mjini Unguja, akawa mwimbaji, na mwaka 1928 akafika Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert ndiye aliyeandika wasifu wake. Hapa utaniambia mwandishi ni mwanamume. Kweli, na mara mojamoja anahubiri zaidi ya anavyosimulia. Ila hakumwandika kama mke wa mtu wala mama wa mtu. Alimwandika kama msanii.

Taji la mwisho ni la wembamba. *Barua Ndefu Kama Hii*, tafsiri ya Clement Maganga ya kitabu cha Mariama Bâ wa Senegal, nilikifungua basi likitoka Mbezi. Morogoro nilishuka nimekimaliza. Ndicho kilichotwaa Tuzo ya Noma ya uchapishaji Afrika ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 1980. Ramatoulaye amekaa eda, anamwandikia shoga yake Aissatou. Eda hiyo msomaji wa Pwani hahitaji kufafanuliwa: anaijua, na anawajua pia mashemeji wanaokuja kuhani huku macho yakiwa kwenye samani. Bâ aliwaona vizuri sana hao.

Kitabu hichohicho ndicho kinachoongoza kwa kuazimwa kwangu bila kurudi. Nakala ya kwanza ilikwenda na dada yangu, ya pili na wifi. Ya tatu niliandika jina langu kwa wino mwekundu jaladani, ndani na nje. Juzi nimeikuta saluni, imefunikwa kwa gazeti, mwenye saluni akinisihi nimwachie mpaka Ijumaa.