Qingdao, Mji Unaosingiziwa Ujerumani

Jua la Julai likianza kulegea, katika mitaa ya zamani ya Qingdao utawaona watu wakirudi nyumbani na mifuko ya plastiki iliyojaa bia. Si chupa wala makopo. Ni mfuko mwembamba wa kawaida, ule ule wa kubebea nyanya, umefungwa fundo juu na bia inachezacheza ndani. Mwenye duka ameweka mapipa ya chuma mlangoni. Mteja anataja kiasi, bomba linafunguliwa, povu linapanda, mfuko unawekwa kwenye mizani na bia inalipiwa kwa uzito. Aliyezidiwa na kiu huchomeka mrija akanywa huku anatembea. Mkono wa pili mara nyingi umeshika mfuko mwingine, wa kombe wa baharini, watakaokaangwa kwa pilipili kavu na tangawizi mpaka magamba yafunguke yenyewe.

Mgeni akiuliza bia hii ilianzaje, ataambiwa ni Wajerumani. Akiuliza juu ya mapaa mekundu, Wajerumani. Barabara zinazopanda na kushuka vilima, mifereji ya maji taka, makanisa, hata miti ya kando ya njia: Wajerumani tu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila limetiwa chumvi nyingi.

Novemba 1897, wamisionari wawili wa Kikatoliki kutoka Ujerumani waliuawa katika mkoa wa Shandong, mashariki mwa China. Berlin ilikuwa imeshaanza kuimezea mate bandari ya kuegesha manowari zake katika Asia ya mbali, na vifo hivyo vikawa kisingizio. Tarehe 14 mwezi huo huo Admirali Otto von Diederichs alishusha askari katika Ghuba ya Jiaozhou. Machi 1898 China ikalazimishwa kuweka saini mkataba wa kuikodisha ghuba hiyo na ardhi yake, kilomita za mraba zipatazo 550, kwa miaka 99.

Kilichofuata kinafahamika kwa yeyote anayeijua Dar es Salaam ya zamani, ambayo nayo iligawanywa kwa kanda na watawala hao hao. Palikuwa na Uzunguni, upande wa kusini unaotazama bahari na kupata upepo, ambako Mchina hakuruhusiwa kukaa isipokuwa kama mtumishi. Palikuwa na Dabaodao, mtaa wa wafanyabiashara wa Kichina, nyuma ya kilima. Makuli na vibarua walipelekwa mbali zaidi, kwenye vitongoji vya Taidong na Taixi. Ilipofika 1913 mji ulikuwa na Wachina zaidi ya 50,000, na raia wa Kizungu kama 2,000 tu ukiacha askari. Waliochimba misingi, waliochonga mawe na waliobeba mizigo bandarini walikuwa wa kundi la kwanza.

Hata hivyo Qingdao haikuwa koloni la kawaida. Haikuwekwa chini ya ofisi ya makoloni kama Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ilikabidhiwa Jeshi la Majini, lililotaka kuifanya mji wa maonyesho. Fedha zilimwagwa. Reli ya kwenda Jinan, makao makuu ya mkoa, ilikamilika 1904. Vilima vilivyokuwa vipara vikapandwa miti ili udongo usisombwe na mvua. Ili walanguzi wasiufanye mji shamba lao, mtumishi wa serikali aitwaye Wilhelm Schrameier alibuni sheria ya ardhi: kodi ya asilimia 6 ya thamani ya kiwanja kila mwaka, na theluthi ya faida pale kiwanja kinapouzwa. Sun Yat-sen, baba wa jamhuri ya China, aliisifu sera hiyo. Na mwaka 1903, tarehe 15 Agosti, kikaanzishwa kiwanda cha bia kwa mtaji wa wafanyabiashara Wajerumani na Waingereza, ili mabaharia wasife na hamu ya kinywaji cha kwao.

Kisha ikaja vita. Japani, ikisaidiwa na Uingereza, iliuzingira mji mwaka 1914, na tarehe 7 Novemba Wajerumani wakasalimu amri. Siku chache kabla, kuanzia tarehe 3 hadi 5 Novemba, Wajerumani hao hao walikuwa wakiwafurusha Waingereza na askari wao wa Kihindi pale Tanga, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ofisa ambaye naye aliwahi kutumikia jeshi lake China. Huku walishinda, kule walishindwa, lakini hesabu ya mwisho ilifungwa mezani Versailles mwaka 1919. Kwa mkataba ule ule, Ujerumani ilinyang'anywa Tanganyika, ambayo hatimaye ilikwenda kwa Uingereza, na haki zake za Shandong zikapewa Japani. Wachina walikuwa upande wa washindi, na walikuwa wamepeleka vibarua wengi Ulaya kusaidia vita. Tarehe 4 Mei wanafunzi wa Beijing waliingia barabarani kwa hasira, na vuguvugu lililozaliwa siku hiyo likabadilisha siasa na uandishi wa China nzima. Japani iliurudisha mji Desemba 1922, ikaja kuuteka tena 1938 na kukaa hadi 1945.

Kwa hiyo Mjerumani alikaa miaka 17. Ukizunguka mji na kalenda mkononi, mambo hayalingani na sifa. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli lenye minara miwili, ambalo maharusi hupanga foleni kupiga picha mbele yake, lilimalizika 1934. Badaguan, mtaa wa majumba ya kifahari na miti mikubwa, ulijengwa hasa katika miaka ya 1930, mji ukiwa mikononi mwa Wachina. Gati la Zhanqiao lililochorwa kwenye nembo ya bia ya Tsingtao lilijengwa na jeshi la wafalme wa Qing kabla Mjerumani hajatia nanga, na banda lililoko mwisho wake ni la miaka ya 1930. Kiwanda chenyewe cha bia hiyo kilipita mikononi mwa kampuni ya Kijapani tangu 1916, kisha ya dola ya China, na 1993 kikauza hisa zake katika soko la Hong Kong.

Na ile mifereji? Miaka ya karibuni China nzima ilisimuliana kisa cha mafundi wa Qingdao waliohitaji kipuri cha bomba la karne nzima. Wakaandikia Ujerumani, wakajibiwa wachimbe mita chache kutoka hapo. Wakachimba na kukuta kipuri kimefungwa kwa karatasi ya mafuta, kinang'aa kama jana. Kisa kitamu, na ni cha uongo. Mifereji ya wakati huo iliyobaki ni sehemu ndogo sana ya mtandao unaohudumia mji wa leo, wenye watu wapatao milioni 10. Nadhani kisa kilipendwa kwa sababu kiliwapa watu fimbo ya kuwachapia wakandarasi wao wenyewe kila mvua iliponyesha na mitaa ya miji mingine ikafurika.

Maisha ya kila siku yamekwenda zake. Kiangazi, kwenye Ufukwe Namba Moja, kina mama wa makamo huingia baharini wamevaa vinyago vya kitambaa cha kuogelea, rangi kali, vyenye matundu ya macho, pua na mdomo tu, ili jua lisiwachome na viwavi wa baharini wasiwawashe. Picha zao zilienea duniani mwaka 2012. Wenyewe waliendelea kuogelea.

Qingdao ya wenyeji hasa ilikuwa kwenye liyuan za Dabaodao: nyumba za ghorofa mbili au tatu zinazozunguka ua mmoja, maduka yakitazama barabarani, vyumba vikitazama ndani kupitia baraza ya mbao. Umbo la nje lilifuata kanuni za Mjerumani, ua ulifuata desturi ya Kichina. Familia nyingi zilibanana humo, chumba kimoja kwa kila moja, zikichota maji kwenye bomba moja, zikigombania choo na kamba za kuanikia nguo, na kila mtu akijua jirani kapika nini. Hakuna aliyeziona kuwa nyumba za thamani. Watalii walielekezwa kwenye jumba la gavana. Katika miaka ya 2010 wakazi wengi walilipwa fidia na kuhamishwa, na nyumba zikaanza kukarabatiwa. Sasa uani mmetandazwa mawe mapya, baraza zimepakwa rangi, na vyumba vingi vimekuwa mikahawa, maduka ya zawadi na kumbi za maonyesho. Ukarabati ni mzuri kwa macho. Waliohama sasa wana vyoo vya ndani na maji ya moto, jambo ambalo wapenzi wa majengo ya kale husahau kulitaja.